Risasi ya Morogoro: Mizani, Nuru na Umri wa Uluguru

Mtu asimamaye Kilakala, akainua macho kutoka katika nyumba na miembe ya mji wa Morogoro, huiona milima ya Uluguru imeinuka mbele yake kama ukuta wa kijani. Chini ya ukuta huo ipo shule ya sekondari ya wasichana ambayo masista wa Maryknoll waliianzisha katika miaka ya 1950 kwa jina la Marian College, na ambayo baadaye ilitwaa jina la mahali penyewe, Kilakala. Katika darasa la kemia la shule yoyote ya namna hiyo mwanafunzi hufundishwa jedwali la elementi, na katika jedwali hilo risasi huandikiwa uzito wa atomu wa 207.2. Jedwali na milima havionekani kuwa na udugu wowote. Walakini, ulikuwako wakati ambapo jiwe lililotoka katika milima hiyo lilipelekwa Ulaya, likayeyushwa, likasafishwa na kupimwa, na risasi iliyotoka ndani yake ikakataa kuwa na uzito ule ulioandikwa katika vitabu. Tangu hapo jina la Morogoro liliingia katika habari za kemia, wala halijatoka.

Habari hiyo ni ya vyombo viwili. Cha kwanza ni mizani, chombo cha kale kuliko elimu yenyewe ya kemia, ambacho kila mwuza duka anakijua. Cha pili ni spektroskopu, chombo cha kuchambua nuru, ambacho kilipata kuaminiwa kuwa hakimu asiyekosea katika mashauri yote yahusuyo elementi. Vyombo hivi viwili vilipoulizwa juu ya risasi ya Morogoro, vilitoa majibu yaliyoonekana kupingana. Katika kuyapatanisha majibu hayo, wataalamu walilazimika kuibadili maana ya neno elementi, nao wakapata pamoja na hayo njia ya kuhesabu umri wa milima.

Kwanza yafaa lielezwe jiwe lenyewe. Miamba ya Uluguru ni ya kale sana, nayo ilipikwa na kukandamizwa katika kina kirefu cha ardhi kabla ya kuinuliwa juu. Ndani yake hupita mishipa ya pegmatiti, yaani mawe yenye chembe kubwa kubwa, ambamo hupatikana ulanga, madini yale yachanikayo kama kurasa za kitabu na kupitisha nuru kama kioo. Ulanga ulikuwa na bei katika viwanda vya Ulaya, kwa kuwa hauungui upesi wala haupitishi umeme, na katika zama za utawala wa Wajerumani ulichimbwa katika milima hiyo. Pamoja na ulanga yalitokea hapa na pale mawe meusi, mazito kupita kiasi cha ukubwa wake, yenye umbo la fuwele.

Mwaka wa 1906 mkemia wa Berlin, Willy Marckwald, alichapisha maelezo ya mawe hayo. Jiwe jeusi lilikuwa uraniniti, madini ambayo sehemu yake kubwa ni urani. Lakini palikuwa na kitu kingine pia: madini ya manjano, yaliyofanyika pale uraniniti ilipogeuzwa pole pole na maji na hewa. Marckwald alipoyachambua aliyakuta kuwa ni kaboneti ya urani, namna ambayo haijapata kuelezwa mahali pengine popote. Akayapa jina la rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, ambaye wakati huo alikuwa profesa mjini Montreal katika Kanada. Hivyo Uluguru ndipo mahali ambapo madini hayo yalitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani, na katika orodha za wataalamu wa mawe Morogoro imeandikwa kuwa nyumbani kwake.

Mwaka huo wa 1906 haukuwa mwaka wa raha katika nchi. Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 vilikuwa havijazimika kusini, na reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam haikufika Morogoro mpaka 1907. Kabla ya reli, mizigo ya bara ilishuka pwani juu ya vichwa na mabega ya watu. Makala za kemia zilizofuata zililitaja jiwe kwa jina la wilaya tu. Juu ya mikono iliyolichimba zilinyamaza kimya. Penye miti hapana wajenzi: mlima ulikuwa na jiwe, lakini maabara, mizani na kalamu vilikuwa mbali.

Sasa lielezwe swali ambalo jiwe hilo lilipelekwa kulijibu. Tangu John Dalton atoe nadharia yake ya atomu mwanzoni mwa karne ya 19, wanakemia walishikilia kwamba atomu zote za elementi moja zina uzito mmoja. Uzito huo ndio uliokuwa kitambulisho cha elementi, kama alama ya ukoo. Mabingwa walitumia maisha yao kuupima, na aliyewashinda wote ni Theodore William Richards wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi hiyo. Ikiwa uzito wa atomu si imara, basi kazi yote hiyo ilikuwa kama kupima urefu wa kivuli.

Lakini elimu ya mionzi ilikuwa imeanza kuleta mashaka. Mwaka wa 1896 Henri Becquerel wa Paris, akichunguza chumvi za urani kwa sababu ya mng'ao wake, alikuta kwamba zinatia weusi katika bamba la picha hata likifunikwa kwa karatasi nyeusi. Mwaka wa 1902 Rutherford na Frederick Soddy walieleza kwamba elementi kama hizo zinageuka zenyewe kuwa elementi nyingine. Bertram Boltwood, Mmarekani, akaona kwamba katika mawe ya urani haikosi kuwamo risasi, na kadiri jiwe lilivyo la kale ndivyo risasi ilivyo nyingi. Akakisia kwamba risasi ndiyo mwisho wa safari ya urani.

Hesabu yake ni nyepesi kuifuata. Atomu ya urani, yenye uzito wa 238, hutupa chembe nane za heliamu katika safari yake, na kila chembe ina uzito wa 4. Nane mara nne ni 32. Ukitoa 32 katika 238, yabaki 206. Thoriamu, ambayo uzito wake ni 232, hutupa chembe sita, yaani 24, na yabaki 208. Lakini risasi ya kawaida ina uzito wa 207.2. Basi, ikiwa mwisho wa urani ni risasi, ni risasi ya namna gani hiyo isiyolingana na risasi? Mwaka wa 1913 Soddy, aliyekuwa Glasgow, na Kazimierz Fajans, aliyekuwa Karlsruhe, walitoa jibu la kuthubutu: kwamba mahali pamoja katika jedwali paweza kukaliwa na atomu za uzito mbalimbali, zilizo sawa katika tabia zote za kemia. Soddy aliziita isotopu, neno alilopendekezewa na Margaret Todd, tabibu wa Uskoti, ambalo katika Kiyunani maana yake ni mahali pale pale.

Hilo lilikuwa neno tu. Lilihitaji ushahidi, na ushahidi ungetoka katika vyombo.

Chombo cha kwanza ambacho mtu wa wakati huo angekikimbilia ni spektroskopu. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff wa Heidelberg walikuwa wamekifanya kuwa chombo cha kemia katika miaka ya 1859 na 1860. Nuru ya kitu kilichotiwa motoni au kupitishiwa cheche za umeme huingizwa katika ufa mwembamba, kisha hupitishwa katika mche wa kioo, nao huitawanya rangi kwa rangi. Kila elementi huonekana kwa mistari yake, isiyoshirikiwa na nyingine. Kwa njia hiyo Bunsen na Kirchhoff waligundua elementi mbili mpya, sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Kwa njia hiyo pia mstari wa heliamu ulionekana katika nuru ya jua mwaka 1868, kabla gesi hiyo haijapatikana duniani. Na William Ramsay alipoipata mwaka 1895, aliipata katika jiwe la urani.

Baadaye chombo hicho kiliboreshwa. Mistari mingi ya metali, na ya risasi miongoni mwake, iko katika nuru isiyoonekana na jicho, iliyo ng'ambo ya urujuani. Kioo cha kawaida huinyonya nuru hiyo isipite, lakini kwatzi huiacha ipite. Basi mche na lenzi vilitengenezwa kwa kwatzi, na mahali pa jicho pakawekwa bamba la picha, ambalo huona kisichoonekana na kukihifadhi. Bamba lenyewe ni kazi ya kemia ya nuru: chumvi za fedha zilizotandazwa juu yake hugeuka zinapopigwa na nuru, na mahali pa kila mstari pakabaki alama. Bamba moja likiisha kusafishwa, laweza kulinganishwa na jingine miaka mingi baadaye.

Katika Harvard, ambako Fajans alikuwa amempeleka mwanafunzi wake Max Lembert ili afanye kazi na Richards, risasi iliyotoka katika mawe ya mionzi ilipigwa picha kwa chombo kama hicho mwaka 1914. Mistari ikatokea ile ile ya risasi ya kawaida, kila mmoja mahali pake, bila mmoja kuongezeka wala kupungua. Hakimu wa nuru alikuwa ametoa hukumu: hii ni risasi, wala hakuna zaidi ya risasi.

Ikabaki mizani. Mjini Vienna, Austria, palikuwa na Taasisi ya Radiamu, iliyofunguliwa mwaka 1910, ambayo ilikuwa karibu na chimbuko la madini ya urani ya Joachimsthal katika Bohemia. Otto Hönigschmid, mzaliwa wa Bohemia, alikuwa amejifunza mkono wa kupima kwa Richards mwenyewe huko Harvard. Tangu 1911 alikuwa profesa mjini Prague, lakini aliendelea kushirikiana na taasisi ya Vienna. Huko alimpata mwenzi wa kazi, Stefanie Horovitz, mzaliwa wa Warsaw wa mwaka 1887, aliyepata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna. Katika kazi hii ya kutenganisha na kusafisha risasi mpaka isibaki na doa, taabu kubwa iliangukia mikono yake.

Walianza na mawe ya Joachimsthal. Mwaka wa 1914 walipata uzito wa 206.73. Tofauti na 207.2 ilikuwa dhahiri, lakini haikuwa 206. Mwenye shaka angeweza kusema kwamba kupungua huko kumetokana na uchafu usiojulikana, na mwenye imani angeweza kusema kwamba risasi ya urani imechanganyika na risasi ya kawaida. Sababu ya pili ndiyo ya kweli, kwani mawe ya Joachimsthal yamo katika mishipa yenye madini mengi ya kila namna, na risasi ya kawaida ikiwamo. Lakini mbele ya mahakama ya elimu, sababu iliyo ya kweli haitoshi. Hutakiwa pia sababu iliyothibitishwa.

Hapo ndipo Uluguru ilipoitwa kutoa ushahidi. Kilichotakiwa ni jiwe la urani lililojifanya fuwele mara moja, katika kina cha ardhi, likajifunga lisipokee risasi kutoka nje, na ambalo halina thoriamu ya kulibabaisha. Uraniniti ya Morogoro ilikuwa na sifa hizo. Pamoja nayo walichukua jiwe la Norwe liitwalo brogeriti, ambalo lina urani nyingi na thoriamu kidogo. Mawe mawili kutoka katika mabara mawili, yasiyopata kukutana, yangeulizwa swali moja.

Namna ya kupima yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa nguvu ya ushahidi wote iko humo. Risasi ilitolewa katika jiwe, ikasafishwa mara nyingi, kisha ikafanywa kuwa kloridi. Kloridi hiyo iliwekwa katika kidau kidogo cha kwatzi, kikaingizwa katika bomba, na ndani ya bomba ikapitishwa gesi ya hidrojeni kloridi huku chumvi ikiyeyushwa kwa moto, ili unyevu wote utoke. Adui mkubwa wa kazi hii ni hewa, kwa sababu chumvi iliyokauka hunywa unyevu mara tu inapoguswa na hewa, na unyevu una uzito. Kwa hiyo Richards alikuwa amebuni chombo ambacho kidau husukumwa ndani yake kutoka katika bomba la moto mpaka katika chupa ya kupimia, na chupa ikafunikwa kizibo, yote ndani ya hewa kavu, kabla mkono wa mtu haujaigusa. Kisha chupa ilipelekwa kwenye mizani.

Baada ya kupimwa, chumvi iliyeyushwa katika maji. Fedha safi, iliyopimwa kwa mizani ile ile, iliyeyushwa katika asidi ya nitriki na kumiminwa humo. Klorini iliyokuwa imeshikamana na risasi ikaiacha na kushikamana na fedha, ikazama kama unga mweupe. Ikiwa fedha imelingana kabisa na klorini, basi kutokana na uzito wa fedha, unaojulikana, hupatikana uzito wa risasi. Yote yategemea kujua ni lini hasa vitu hivyo viwili vimelingana.

Na hapa nuru iliingia tena kazini kwa njia mbili, mara moja kama adui na mara moja kama msaidizi. Kloridi ya fedha hugeuka rangi ikipigwa na nuru ya mchana, ikawa ya zambarau na mwisho nyeusi, kwa maana nuru huivunja. Kwa sababu hiyo kazi yote ilifanywa katika chumba cha giza chenye taa nyekundu, kama chumba cha mpiga picha, kwani nuru nyekundu haina nguvu ya kuivunja. Lakini katika hatua ya mwisho nuru ndiyo iliyokata shauri. Maji yaliyobaki juu ya unga mweupe yaligawanywa katika mirija miwili ya kioo iliyo sawasawa. Katika mmoja ilitiwa fedha kidogo, katika wa pili kloridi kidogo, na kila mmoja ukafanya ukungu hafifu. Mirija ilisimamishwa pamoja katika chombo kiitwacho nefelomita, yaani kipima mawingu, ambacho Richards alikitengeneza kwanza katika miaka ya 1890. Taa moja iliimulika yote miwili, na jicho likatazama kutoka juu. Ikiwa ukungu wa mrija mmoja unang'aa kuliko wa pili, basi kitu kimoja kimezidi na kingine kimepungua, na mpimaji huongeza tone baada ya tone mpaka mawingu mawili yafanane.

Yafaa pia ijulikane jinsi tofauti iliyotafutwa ilivyokuwa kubwa mbele ya vyombo hivyo. Gramu 5 za kloridi ya risasi ya kawaida huhitaji fedha gramu 3.88 hivi. Ikiwa risasi ina uzito wa 206.05, fedha huzidi kwa miligramu 16. Mwuza dhahabu asingeona tofauti hiyo katika mizani yake ya dukani, lakini mizani ya Hönigschmid na Horovitz ilisoma sehemu za mia za miligramu moja. Tofauti hiyo mbele yake ilikuwa kama mwamba katikati ya njia.

Matokeo yalichapishwa kati ya 1914 na 1915. Risasi ya Morogoro: 206.046. Risasi ya brogeriti ya Norwe: 206.063. Milima miwili, mmoja wa Afrika na mmoja wa Ulaya, ilikuwa imesema neno moja.

Hukumu ya mizani ikawa imekwisha kutolewa, na ya spektroskopu ilikuwako. Chombo kimoja kilisema kwamba hii ni risasi ile ile. Cha pili kilisema kwamba si ile ile. Wangetokea watu wa kuchagua chombo kimoja na kukitupa cha pili, na hapo elimu ingepotea njia. Fumbo lilifumbuliwa kwa kuvikubali vyote viwili. Mistari ya nuru hutoka katika elektroni zilizouzunguka ukingo wa atomu, na idadi yake hutegemea umeme wa kiini. Uzito hukaa katika kiini chenyewe. Atomu mbili zaweza kuwa na umeme sawa na uzito tofauti, basi zikavaa vazi moja juu ya miili miwili. Soddy alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa kazi yake juu ya mionzi na isotopu. Yapaswa kusemwa kwa heshima ya Richards kwamba yeye, aliyejulikana duniani kwa kupima uzito usiobadilika, alichapisha mwaka 1914 pamoja na Lembert ushahidi wake mwenyewe kwamba uzito wa risasi hubadilika.

Hata hivyo hakimu wa nuru hakukaa kimya daima. Swali lilibaki kama kweli mistari ni ile ile kabisa, au macho ya chombo hayakuwa makali ya kutosha. T. R. Merton wa Uingereza alitafuta tofauti mwaka 1915 asiione. Lakini mjini Chicago, ambako Albert Michelson alikuwa bingwa wa kutengeneza vioo vilivyochorwa mistari maelfu kwa maelfu ili kutawanya nuru kuliko mche wowote, Lester Aronberg aliulinganisha mwaka 1917 mstari mmoja wa risasi, wenye urefu wa wimbi wa 4058 kwa kipimo cha Angstrom. Alikuta kwamba katika risasi ya mawe ya mionzi mstari huo umesogea kwa 0.0044 tu, yaani sehemu moja hivi katika milioni. Baada ya vita Merton naye akaithibitisha habari hiyo. Tofauti ambayo mizani iliiona kama sehemu moja katika 180, nuru iliionyesha kama moja katika milioni. Na hata hiyo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko nadharia ya wakati ule ilivyotazamia. Baadaye ilieleweka kwamba kiini kizito zaidi ni kipana zaidi pia, na upana huo ndio unaozigusa elektroni zinazopita karibu nacho.

Kisha kikaja chombo cha tatu, kilichounganisha kazi za vile viwili. Mwaka wa 1919 Francis Aston wa Cambridge alitengeneza spektrografu ya uzito, ambayo hutawanya atomu kwa uzani wake kama mche unavyotawanya nuru kwa rangi yake, na kuziandika katika bamba la picha. Mwaka wa 1927 alionyesha kwamba risasi ya kawaida ni mchanganyiko, na isotopu zake kubwa ni tatu, 206, 207 na 208. Mwaka wa 1929 alichambua risasi ya brogeriti ya Norwe, yule mwenzi wa jiwe la Morogoro katika kesi ya 1914, akakuta ndani yake 206 nyingi na 207 kidogo. Kutokana na hiyo 207 Rutherford aliona kwamba lazima urani nayo iwe na isotopu ya pili. Hiyo ndiyo urani 235, iliyoonekana waziwazi katika chombo cha Arthur Dempster mwaka 1935, na ambayo miaka kumi baadaye dunia nzima iliijua kwa msiba wa Hiroshima.

Faida nyingine ya jiwe la Morogoro ilikuwa saa. Ikiwa risasi yote iliyomo katika fuwele imetoka katika urani ya fuwele hiyo hiyo, basi kulinganisha kiasi cha risasi na kiasi cha urani ni kusoma umri wa jiwe. Arthur Holmes wa Uingereza alianza kufanya hesabu za namna hiyo mwaka 1911 na kuendelea nazo maisha yake yote. Uzito wa 206.046 ulikuwa dhamana kwamba risasi ya kigeni haikuingia, na saa haikuchezewa. Umri uliopatikana kwa jiwe la Morogoro ni miaka milioni 600 hivi. Katika jiwe la umri huo, kila gramu 100 za urani iliyobaki huwa zimezaa gramu 9 hivi za risasi.

Hesabu ya leo yaweza kuwapima wapimaji wenyewe. Uzito wa isotopu 206 wajulikana sasa kuwa 205.974, na wa 207 kuwa 206.976. Katika jiwe la miaka milioni 600, kwa kila atomu 100 za 206 lazima ziwepo atomu 6 hivi za 207. Ukizichanganya hupata 206.03. Hönigschmid na Horovitz, wasiojua lolote juu ya 207 wala urani 235, walikuwa wameandika 206.046. Wamepishana na hesabu ya karne iliyofuata kwa sehemu 15 hivi katika elfu za kizio kimoja cha uzito wa atomu, na chembe kidogo tu ya thoriamu au ya risasi ya kawaida yatosha kuieleza tofauti hiyo. Kazi ya namna hiyo huitwa uaminifu.

Kwa muda mrefu saa ya Uluguru ilisomwa na wageni. Mwaka wa 1994 Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Lenoir, alichapisha umri wa miamba iliyopikwa ya ukanda wa Msumbiji katika Tanzania, ikiwamo miamba ya Uluguru, kwa kupima urani na risasi katika chembe ndogo za zirkoni. Ilionekana kwamba miamba hiyo ilipikwa kati ya miaka milioni 640 na 700 hivi iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana. Jiwe jeusi la Morogoro ni mtoto wa siku za mwisho za mgongano huo. Kanuni iliyotumika ni ile ile ya 1914. Kilichobadilika ni ukali wa vyombo, na mkono ulioishika kalamu.

Haifai kuifunga habari hii bila kuwataja watu kwa mara ya mwisho. Vita vilivyoanza Ulaya wakati risasi ya Morogoro ilipokuwa ikipimwa vilifika Morogoro yenyewe Agosti 1916, majeshi ya Waingereza yalipouingia mji na yale ya Wajerumani yakarudi nyuma kuizunguka milima. Horovitz aliendelea kufanya kazi na Hönigschmid mpaka mwisho wa vita hivyo. Mwaka wa 1916 walionyesha kwamba kitu kilichoitwa ioniamu si elementi ya peke yake ila ni thoriamu ya uzito mwingine, na hapo tena spektra ilisaidia kwa kutoonyesha mstari wowote mgeni. Hönigschmid alikwenda Munich kuwa profesa. Horovitz aliiacha kemia, akawa mlezi wa watoto wenye matatizo ya nafsi mjini Vienna, kisha akarudi Warsaw. Alikuwa Myahudi. Mwaka wa 1942 alipelekwa Treblinka, akauawa huko. Hönigschmid naye, katika magofu ya Munich, alijiua pamoja na mkewe mwaka 1945. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Hönigschmid peke yake, na Horovitz akasahauliwa, kama walivyosahauliwa wachimbaji wa Uluguru ambao hawakupata kutajwa hata mara moja.

Mwaka wa 2021 tume ya kimataifa ya uzito wa atomu ilitangaza kwamba risasi haitaandikiwa tena tarakimu moja kuwa uzito wake rasmi. Mahali pa 207.2 pamewekwa mipaka miwili, 206.14 na 207.94, kwa kuwa risasi ya dunia hutofautiana mahali na mahali, kulingana na urani na thoriamu zilizokuwa jirani yake. Tarakimu ya 207.2 hutumika bado katika hesabu za kawaida. Lakini mwanafunzi wa Kilakala aulizaye kwa nini risasi ipewe mipaka miwili ilhali dhahabu ina tarakimu moja, anaweza kuonyeshwa dirisha. Sehemu ya jibu ilichimbwa katika milima ile.